Fomu ya ng'ambo ilivyofika Buhongwa

Kila alfajiri mabasi ya Dar es Salaam hutoka stendi ya Nyegezi, hupita Mkolani na kufika Buhongwa kabla maduka hayajafunguliwa. Mbele yake kuna Usagara, Misungwi, Shinyanga na safari inayozidi kilomita elfu moja. Msimu wake ukifika, miongoni mwa abiria huwamo kijana mwenye bahasha ya kaki ambayo hataki iwekwe kwenye buti wala kwenye keria. Ameipakata. Ndani mna vyeti, nakala zenye mhuri wa wakili, pasipoti ambayo haijawahi kuvuka mpaka wowote, na barua ya kuitwa kwenye usaili. Skolashipu kubwa za nje bado zinapitia Dar es Salaam, kwenye balozi, hata kama fomu yenyewe ilijazwa kwa simu katika chumba cha kupanga Buhongwa.

Buhongwa ni kata ya Wilaya ya Nyamagana, kusini mwa Jiji la Mwanza, mahali ambapo mji ulikuwa ukiishia na mashamba kuanza. Siku hizi nyumba zimepanda mpaka kwenye mawe, na kando ya barabara kuu duka la steshenari halikosekani: kopi, kuskani, kuprinti, picha za pasipoti, miamala ya simu. Wateja wengi huja kwa ajili ya mkopo wa elimu ya juu, vyuo vya ndani na ajira za serikali. Anayeomba skolashipu ya nje huonekana mara moja moja, na utamtambua kwa jinsi anavyomsimamia mwenye kompyuta. "Kaka, hapo usikosee, haina marudio hiyo."

Fomu anayoijaza imepita mikono mingi kabla ya kumfikia: mapadri, machifu, viongozi wa ushirika, wanasiasa, maofisa wa wizara. Na muda wote huo, chini ya maswali ya jina, umri na ufaulu, imekuwa na swali moja lisiloandikwa: nyuma yako amesimama nani?

Wosia wa mwaka 1902

Skolashipu ya Rhodes ndiyo inayotajwa sana watu wanapozungumzia heshima ya kusoma nje. Cecil Rhodes, tajiri wa almasi na mtawala wa kikoloni kusini mwa Afrika, alifariki Machi 1902 na kuacha wosia uliotenga fedha za kuwasomesha vijana Oxford. Nafasi ziligawiwa kwa makoloni ya Waingereza na majimbo ya Marekani. Nyongeza ya wosia huo iliwakumbuka pia Wajerumani, na majina yao yalikuwa ya kuteuliwa na Kaizari mwenyewe.

Wakati huo Mwanza ilikuwa chini ya Wajerumani. Kwa hiyo ofisa wa Kijerumani aliyekuwa akikusanya kodi kwenye pwani hii ya ziwa angeweza kuota mwanawe akisoma Oxford kwa fedha za Rhodes, na mtu aliyetozwa kodi hiyo hakuwa na mlango wowote wa kubisha. Hata wanawake, wawe wa taifa gani, walisubiri hadi 1977. Kenya ilipata nafasi zake katika miaka ya 1980, na mwaka 2018 ndipo zilipotangazwa nafasi za dunia nzima, kwa waombaji wa nchi ambazo hazikuwa na mgao wake.

Wapo wanaosema fedha za Rhodes hazifai kuguswa kwa namna zilivyopatikana, na hoja hiyo iliitikisa Oxford kwenyewe katika miaka ya 2015 na 2016. Kwa watu wa Kanda ya Ziwa jambo hili liko karibu kuliko linavyoonekana. Ukifuata barabara ile ile ya mabasi kutoka Buhongwa, kabla ya kuingia Shinyanga mjini utapita Maganzo, lango la mgodi wa Mwadui. De Beers, kampuni ambayo Rhodes aliiasisi mwaka 1888, ilinunua nusu ya mgodi huo mwaka 1958, miezi michache baada ya kifo cha mwenyewe, John Williamson. Nusu nyingine ikachukuliwa na serikali ya Tanganyika. Almasi za Usukumani zimekwisha kwenda Ulaya kwa wingi. Mimi sioni dhambi kijana wa Buhongwa akizifuata.

Padri, chifu na meli

Mlango wa kwanza wa kweli kwa watu wa ziwani haukuwa Oxford. Ulikuwa Roma. Laurean Rugambwa, mtoto wa Kamachumu upande wa Bukoba, alipata upadri mwaka 1943, na mwaka 1948 akapelekwa Roma kusomea sheria za Kanisa. Alirudi na shahada ya udaktari, akawekwa askofu mwaka 1952, na mwaka 1960 akawa kardinali wa kwanza Mwafrika. Rugambwa hakuomba. Alitumwa. Kanisa lilimjua tangu utotoni, likamlipia, likajua atakaporudi atafanya kazi gani na wapi. Hiyo ndiyo skolashipu ya aina ya zamani kabisa katika nchi hii, na ilikuwa na jibu la wazi kwa lile swali lisiloandikwa.

Mlango wa pili ulikuwa wa machifu. Shule ya Serikali ya Tabora ilianzishwa na Waingereza katika miaka ya 1920 huku macho yao yakiwa kwa watoto wa watawala wa jadi, ingawa baadaye ilichukua pia watoto wa watu wa kawaida waliofaulu. David Kidaha Makwaia, mwana wa chifu wa Usiha, Shinyanga, alipata kusoma Oxford katika Chuo cha Lincoln. Mwaka 1945 yeye na Abdiel Shangali wa Machame wakawa Waafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Nyuma ya Kidaha ilisimama enzi ya baba yake, na nyuma ya enzi hiyo serikali iliyotaka machifu wanaojua Kiingereza.

Kwa wengine wote, elimu ya juu ilikuwa Makerere, na njia yake ilikuwa maji. Kijana wa kanda hii alipanda meli Mwanza, Musoma au Bukoba, enzi za SS Usoga na SS Rusinga, akalivuka ziwa hadi Uganda. Lakini Makerere ya wakati huo ilitoa stashahada tu. Ni mwaka 1949 ndipo ilipounganishwa na Chuo Kikuu cha London ikaanza kuandaa wanafunzi wa digrii. Aliyeitaka digrii kabla ya hapo ilimbidi avuke bahari.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mwalimu mmoja kijana wa Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora. Julius Nyerere alikuwa amemaliza Makerere mwaka 1945 na stashahada ya ualimu. Mkuu wake wa shule, Padri Richard Walsh wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, waliojulikana zaidi kama Mapadri Weupe, alimhimiza aende mbele na akamsaidia kuipata njia. Fedha zilitoka serikali ya kikoloni. Mwaka 1949 Nyerere akaenda Uingereza, na Oktoba mwaka huo akaanza masomo Chuo Kikuu cha Edinburgh. Alirudi mwaka 1952 na digrii ya uzamili, kama Waskoti wanavyoiita digrii yao ya kwanza ya sanaa.

Jambo moja katika safari hiyo huwa linapitwa haraka na wanaoisimulia. Serikali ilikuwa ikimtazama Nyerere kama mwalimu wa baadaye wa sayansi, miongoni mwa masomo aliyokuwa akifundisha Tabora ni bayolojia, na ufadhili ulielekezwa huko. Yeye alitaka historia, uchumi na falsafa. Alilazimika kuwaandikia na kuwashawishi wenye fedha mpaka wakakubali abadilishe. Kila mwombaji wa leo anayeambiwa kwamba kozi yake haimo kwenye vipaumbele vya mfadhili anaijua vita hiyo. Sina haja ya kueleza Tanganyika ingekuwa nchi ya namna gani kama ofisa mmoja wa London angekataa ile barua na kumrudisha maabara.

Wengine walikwenda na kurudi kimya zaidi. Hamza Mwapachu, mwenzake Nyerere wa Makerere, alisomea ustawi wa jamii Cardiff, akarudi na kupangiwa kazi Nansio, kisiwani Ukerewe, ambako serikali iliamini hawezi kuleta fujo. Januari 1953 kina Abdulwahid Sykes walimfuata huko huko kuzungumza habari za uongozi wa TAA, Chama cha Waafrika wa Tanganyika. Kisiwa kilikuwa mbali, lakini meli zilikuwa zikifika.

Mtoto wa pamba

Mwanza yenyewe ilitoa mwombaji wa aina nyingine kabisa, na kwangu ndiye wa kuvutia kuliko wote katika hadithi hii.

Paul Bomani alizaliwa Musoma mwaka 1925, mtoto wa mhubiri wa Kiadventista, akasoma Ikizu na Nassa. Hakuwa chifu wala padri, na hakupita Makerere. Alianza kama karani, akajiunga na wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza waliounda chama chao cha ushirika, na mapema miaka ya 1950 akazunguka Usukuma kuwakusanya wakulima wa pamba waliokuwa wamechoshwa na mizani za wanunuzi. Kipimo kilikuwa chanzo cha ugomvi. Mkulima alifika na mzigo wake, akaambiwa uzito asiouamini, na hakuwa na wa kumlalamikia. Vyama vya msingi vilianza kwa kupima pamba ya wenyewe.

Mwaka 1953 Bomani akaenda Loughborough, Uingereza, kusomea uendeshaji wa ushirika. Hii haikuwa Oxford, na hakuna wimbo wa heshima unaoimbwa kuhusu Loughborough. Lakini angalia kilichofuata. Aliporudi, mwaka 1955 vyama vile vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, na kabla ya uhuru shirikisho hilo lilikuwa likihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika vya Waafrika barani, likinunua karibu pamba yote ya Jimbo la Ziwa na kumiliki vinu vya kuchambulia. Bomani akawa waziri wa fedha baada ya uhuru, na kuanzia 1972 akakaa Washington kama balozi kwa zaidi ya miaka 10.

Nyuma yake walisimama wakulima. Hawakuwa na barua yenye nembo, walikuwa na pamba, na walijua wanamtuma mtu wao akajifunze nini. Sijui kama kuna skolashipu yoyote ya heshima iliyowarudishia watu wa Mwanza faida kubwa kuliko ule mwaka wa masomo wa karani yule.

Ushirika wenyewe haukudumu katika nguvu hiyo. Serikali ilivunja vyama vikuu mwaka 1976, na vilipofufuliwa katika miaka ya 1980 madeni yalivikuta mlangoni.

Nauli ya ndege

Upande wa pili wa ziwa, Kenya, tatizo lilikuwa na sura nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1950 vijana wengi walikuwa wamekwisha pata nafasi katika vyuo vya Marekani, baadhi wakiwa wamesamehewa ada kabisa. Kilichowakwamisha ni nauli. Mtu alikuwa na barua ya kukubaliwa Ohio au Kansas, na hana namna ya kufika.

Tom Mboya, ambaye kwao ni Kisiwa cha Rusinga ndani ya ziwa hili hili, yeye mwenyewe alikuwa amesoma Chuo cha Ruskin, Oxford, mwaka 1955 hadi 1956. Aliona kwamba kungoja serikali ya kikoloni ni kupoteza kizazi. Akiwa na wenzake kama Dk. Julius Kiano, akaenda Marekani kuchangisha. Mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier waliweka saini kwenye barua ya kuomba michango. Septemba 1959 ndege ya kwanza ikatua New York na wanafunzi 81.

Mwaka uliofuata fedha zilipungua. Julai 1960 Mboya akamfuata Seneta John F. Kennedy nyumbani kwake Hyannis Port, na taasisi ya familia ya Kennedy ikatoa dola 100,000. Kuanzia hapo safarini wakaingia pia wanafunzi wa nchi nyingine, wakiwamo wa Tanganyika. Hadi 1963 walikuwa wamesafirishwa karibu vijana 800. Wangari Maathai, aliyekuja kupata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alikwenda katika mkupuo wa 1960 kusoma Atchison, Kansas.

Huko vijijini habari ilikuwa ya harambee. Ada ilisamehewa na chuo, nauli ikalipwa na wafadhili wa Mboya, lakini suti, sanduku, viatu na fedha za mfukoni zilitoka kwa majirani: kuku aliuzwa, mbuzi akauzwa, chai ikaandaliwa, watu wakatoa shilingi moja moja. Kijana aliyepanda ndege namna hiyo alikuwa na deni la kijiji kizima. Wengine deni hilo liliwasukuma, wengine liliwaelemea, na wapo ambao hawakurudi kabisa.

Moscow, wizara na Musoma

Uhuru ulipokuja, upungufu ulikuwa wa kutisha. Nyerere alikumbusha katika mahojiano ya miaka ya mwisho ya maisha yake kwamba Waingereza waliondoka wakiacha wahandisi wawili na madaktari 12. Oktoba 1961 Chuo Kikuu kilifunguliwa Dar es Salaam kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Madaktari na wahandisi ilibidi waandaliwe kwingine, na dunia ilikuwa imegawanyika kambi mbili zinazoshindana kuwachukua.

Wamarekani walikuwa na mpango wa Fulbright tangu 1946, na mapema miaka ya 1960 wakaongeza mpango wa vyuo vyao kwa ajili ya Waafrika. Jumuiya ya Madola ilikubaliana Oxford mwaka 1959 kuanzisha skolashipu zake, na wanafunzi wa kwanza wakaenda mwaka 1960. Mwaka huo huo Moscow ikafungua Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, ambacho mwaka 1961 kilipewa jina la Patrice Lumumba. Mwanafunzi alianza kwa kujifunza Kirusi, kisha akaingia kwenye udaktari au uhandisi. Esther Mwaikambo alihitimu huko mwaka 1969 na kuwa daktari wa kwanza mwanamke wa Tanzania. Jambo hili husahauliwa na wanaodhani heshima ya masomo ilikuwa London na Boston pekee. Hospitali nyingi za nchi hii zimewahi kuendeshwa na watu waliojifunza anatomia kwa Kirusi.

Katika enzi hii aliyekuwa nyuma ya mwombaji ni serikali. Wizara ilipokea nafasi kutoka kila upande, ikazigawa kulingana na mpango wa taifa wa nguvukazi, ambao tangu 1964 ulilenga nchi ijitosheleze kwa wataalamu ifikapo 1980. Aliyesomeshwa alifungwa kwa mkataba wa kuitumikia serikali miaka mitano. Hukuchagua kwa uhuru: nchi ikitaka wahandisi wa maji, ulisomea maji.

Kisha likaja Azimio la Musoma, Novemba 1974. Likiwa limepitishwa na chama tawala cha TANU katika mji mwingine wa ziwani, liliamua kwamba kijana asiingie chuo kikuu moja kwa moja kutoka shuleni. Afanye kazi kwanza, na apate mapendekezo ya kazini kwake na ya chama. Kwa hiyo pale ambapo zamani padri aliandika barua, sasa aliandika katibu wa tawi. Waliopita enzi hiyo wana maneno makali juu ya makatibu wa tawi, na si bila sababu: barua moja iliyonuniwa ingeweza kukuchelewesha miaka. Hata hivyo wazo la kwamba mtu aonje kazi kabla ya kusomeshwa halikufa. Skolashipu ya Chevening ya Waingereza leo inadai mwombaji awe na uzoefu wa kazi wa saa 2,800, sawa na miaka miwili. Wajumbe wa Musoma wangecheka.

Waya wa baharini

Miaka ya 1980 serikali iliishiwa fedha, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 wazazi wakaanza kuchangia gharama za elimu ya juu. Mwaka 2004 ikatungwa sheria ya Bodi ya Mikopo. Mwanafunzi wa ndani akawa mkopaji. Wa nje akaanza kujitafutia.

Wakati huo huo wafadhili walianza kumfuata mwombaji moja kwa moja. Waingereza walikuwa wameanzisha mpango wa wizara yao ya mambo ya nje mwaka 1983, na mwaka 1994 wakaupa jina la Chevening. Ulaya ikaja na Erasmus Mundus mwaka 2004. Mastercard Foundation ikatangaza mwaka 2012 mpango wa dola milioni 500 kwa vijana wa Kiafrika. China ikaongeza nafasi mwaka hadi mwaka. Mwanzoni matangazo yalikuwa magazetini, na gazeti la Dar es Salaam lilifika Mwanza likiwa limechelewa. Fomu iliagizwa kwa posta, ikajazwa kwa kalamu nyeusi, ikarudishwa kwa rejista. Mtu aliyekuwa na mjomba Dar es Salaam alikuwa mbele ya mwenzake kwa wiki nzima.

Pengo hilo lilianza kuzibika Julai 2009, waya wa baharini wa Seacom ulipofika pwani ya Dar es Salaam na intaneti ikaanza kushuka bei. Miaka michache baadaye simu janja ikafika mikononi mwa wanachuo wa Malimbe, ambako Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kilikua kutoka kituo cha mafunzo ya jamii kilichoanzishwa Nyegezi na Askofu Joseph Blomjous mwaka 1960. Malimbe na Buhongwa ni majirani. Wahitimu wengi wa chuo hicho hubaki huku huku wakipanga vyumba na kutafuta kazi, na ndio wanaofungua fomu usiku, bando likiwa la bei nafuu.

Kwa mara ya kwanza, basi, mtoto wa Buhongwa na mtoto wa Masaki, Dar es Salaam, wanaliona tangazo saa ile ile. Hili ni jambo kubwa na sitaki kulipunguza.

Kujisifu kwa karatasi

Lakini fomu imebadilika tabia. Zamani wengine walikusemea. Leo unajisemea mwenyewe. Insha za Chevening zinataka ueleze uongozi wako, jinsi unavyojenga mahusiano na watu, kwa nini kozi hizi tatu ulizochagua, na utafanya nini ukirudi, maana ni sharti urudi nyumbani kwa miaka miwili. Nyingine zinauliza changamoto uliyoishinda. Zote zinataka nafsi ya kwanza umoja, na matokeo yanayohesabika.

Husemwa kwamba Waafrika hawajui kujisifu ndiyo maana insha zao hupwaya. Anayesema hivyo hajawahi kufika Bujora, pale Kisesa, siku ya ngoma za Bulabo mwezi Juni. Makundi mawili ya wachezaji, Bagika na Bagalu, yanaposhindana, manju husimama mbele ya watu akajitaja, akataja ukoo wake, akamdharau mpinzani wake kwa ufundi usioigika. Msukuma anajua kujisifu. Tofauti ni kwamba manju ana umati, na umati ukiona ameongopa unamkimbia kwenda upande wa pili. Sifa zake zinapimwa papo hapo na watu wanaomjua. Insha inasomwa na mtu asiyekujua, kwenye meza ambayo hutaiona, na kwa Kiingereza. Tatizo la insha nyingi nilizowahi kuonyeshwa ni kwamba zimeandikwa kana kwamba hakuna umati popote: "mimi ni kiongozi mwenye maono", bila kijiji, bila jina la shule, bila idadi ya kuku waliokufa mradi ulipoanza. Zile chache zilizofika usaili zilikuwa na watu ndani yake.

Na kuna mabaki ya enzi za zamani ambayo wafadhili wengi hawajathubutu kuyafuta: wadhamini wawili au watatu. Baada ya kila kitu kuhamia mtandaoni, bado anatakiwa mtu mzima mwenye cheo aseme anakujua. Mfumo unamtumia barua pepe. Yeye haifungui, au imeingia kwenye takataka, au anakuambia, "Mwanangu, andika mwenyewe nitie saini." Msemo huo wa mwisho ni wa kawaida mno vyuoni, na ni hatari. Barua tatu zilizoandikwa na mkono mmoja zinajulikana kwa harufu. Padri Walsh alimjua Nyerere kwa sababu walifundisha shule moja. Mhadhiri mwenye wanafunzi mamia atamjua nani?

Uwazi huu mpya umeleta pia matapeli. Ujumbe huja kwenye makundi ya simu: nafasi za Kanada, za Australia, kila kitu bure, tuma ada ya usajili kwa namba hii. Chevening haitozi mwombaji hata senti, na ndivyo ilivyo kwa skolashipu nyingi za heshima. Gharama za kweli ziko kwingine. Pasipoti ya kielektroniki iliyoanza kutolewa mwaka 2018 ni Sh150,000, na mtihani wa Kiingereza ambao vyuo hudai unazidi kiasi hicho mara kadhaa. Ongeza nauli ya Dar es Salaam na mahali pa kulala. Kwa hesabu hiyo, tatizo alilolitatua Mboya mwaka 1959, la mtu mwenye nafasi mkononi akakwama kwa ajili ya nauli, halijaondoka. Limesogea tu hatua moja nyuma, likamngoja mwombaji kabla hata hajaitwa.

Na mifuko yenyewe inabadilika. Februari 2025 Uingereza ilitangaza kupunguza bajeti yake ya misaada hadi asilimia 0.3 ya pato lake ifikapo 2027. Julai mwaka huo Marekani ikaifunga USAID, shirika lililokuwa limewalipia Watanzania wengi shahada za uzamili za kilimo. Ndani ya nchi, Samia Scholarship iliyoanza mwaka wa masomo 2022/23 inawachukua waliofaulu sana sayansi kidato cha sita, na kwa mwenye sifa hizo ni njia fupi kuliko zote.

Chevening hufungua dirisha lake Agosti na kulifunga baada ya takriban miezi miwili. Majibu ya mwisho hutoka katikati ya mwaka unaofuata, na masomo huanza Septemba. Agosti ni mwezi mzuri Usukumani, kwa sababu pamba nyingi huwa imekwisha uzwa na mzazi mwenye shamba ana chochote. Mwenye akili huiomba pasipoti hapo, kabla fedha haijaingia kwenye bati na harusi. Mdhamini yeye humtembelea mapema zaidi, ana kwa ana, akiwa na nakala ya insha, vyeti vyake na tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwa herufi kubwa.